Silinda ya Pili

Ilianza kusikika brashi. Krrsh, krrsh, krrsh, gizani, kwenye beseni la uani: brashi ya kucha ikisugua vidole kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Nati alifumbua macho. Binti yake alikuwa amelala upande wa ukutani, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake. Nati aliuondoa taratibu, akatoka uani.

"Mjomba, ndiyo umeingia?"

"Ndiyo nimeingia. Rudi ulale, bado mapema."

"Nilale, na leo ndiyo siku yenyewe? Mbona unanuka mafuta ya taa?"

"Bawaba za geti la chuo. Zimenichosha kwa kelele, nimezilainisha." Hakugeuka. "Wewe kajiandae. Leo waliokudharau watakoma."

Mjomba huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa fundi wa injini za malori mpaka karakana yake ilipofungwa, na sasa alikuwa mlinzi wa usiku katika chuo kile kile ambacho mpwa wake alisomea ufundi jioni. Hata jina la Nati alilitoa yeye. Alisema mtoto ni mdogo, mgumu, na akishakaza jambo halifunguki mpaka utafute spana.

Mchana Nati aliosha magari kwenye gereji ambako hakuna aliyewahi kumruhusu afungue hata boneti. Chuoni ndiko alikokuwa mtu. Dereva mmoja wa mashindano ya magari alikuwa ameleta bloku ya injini yake: silinda nne zichongwe upya, zisuguliwe, injini ifungwe. Mwanafunzi atakayeifanya ikapita ukaguzi angeajiriwa kwenye timu yake. Mwalimu alimchagua Nati. Bloku ilikuwa imeshachongwa mara kadhaa huko nyuma na kuta zake zilikuwa zimebaki nyembamba, hivyo kosa halikuwa na pa kukaa. Ukaguzi ulikuwa saa tatu asubuhi.

Geti la chuo lililia kama mbuzi anayeburutwa wakati Nati alipolisukuma. Alipita bila kulitazama. Mawazo yake yote yalikuwa karakana.

Dereva alikuwa ameshafika, mtu mrefu mwenye kovu kidevuni, amesimama mikono nyuma kama amekuja kumtazama mgonjwa. Mwalimu alikuwa amefungua kabati na kulitoa bamba. Lilikuwa kipande kizito cha chuma chenye matundu manne, ambacho hufungwa juu ya bloku kwa boliti. Pembeni alisimama Spidi, mwanafunzi mwenzake Nati, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa mwepesi wa kila kitu isipokuwa kazi.

"Kwa nini ulifunge hilo kwanza?" Dereva aliuliza. "Si upime tu?"

"Nati, mweleze mwenye mali," alisema Mwalimu.

"Boliti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu, zikikazwa, zinavuta chuma," Nati alieleza. "Kuta za silinda zinajikunja, kidogo kuliko unywele. Kwenye injini ya kawaida haisumbui. Kwenye injini ya mashindano inaua. Kwa hiyo tunafunga bamba kwanza, tunakaza boliti kama vile hedi iko juu, halafu ndiyo tunasugua silinda ziwe duara. Ukitoa bamba, silinda zinageuka yai kidogo. Ukifunga hedi, zinarudi duara."

"Duh," alisema Dereva. "Hata chuma ni kigeugeu."

Mwalimu alikaza boliti, akaingiza geji ya kupimia kwenye silinda ya kwanza. "Safi." Akahamia ya pili.  Akaitoa geji, akaifuta, akairudisha.

"Nati. Njoo usome mwenyewe."

Mshale ulikuwa umepita mbali. Aliigeuza geji upande wa pili, ukayumba tena. Silinda ilikuwa yai, na ilikuwa imepanuka kuliko pistoni mpya ilivyoweza kuvumilia. Mwalimu akapima ya tatu na ya nne. Zote zilikuwa safi.

"Sikuiacha hivi," alisema Nati.

"Kwani chuma kinanenepa usiku?" aliuliza Dereva.

"Jana jioni nilizipima zote nne bamba likiwa limefungwa. Zote zilikuwa duara. Spidi alikuwepo. Spidi, waambie."

Spidi alijikuna shingo. "Nilikuwepo, ndiyo. Lakini geji sikuisoma. Nilikuwa nafagia."

"Unafagia? Wewe? Tangu lini ufagio unakujua?"

"Basi!" Mwalimu alipiga meza. "Nilikutetea, Nati. Walisema mama mwenye mtoto mdogo hataweza, akili yake iko nyumbani. Nikasema huyu ana mkono. Sasa mkono wenyewe ndio huu?"

 Nati aliinama juu ya silinda ya pili ili asiseme neno ambalo lisingerudi kinywani. Ndipo akaona. Katika silinda tatu, michirizi ya mawe ya kusugulia ilikatana vizuri kama nyuzi za chandarua. Katika ile ya pili ilikuwa imelala, karibu sambamba na sakafu. Mashine haichori hivyo.

"Kuna mtu ameigusa," alisema. "Hii michirizi si ya mashine. Ni ya drili ya mkononi."

"Kila mwanafunzi akiharibu, kuna mtu," alijibu Mwalimu. "Jioni mkuu wa chuo atataka jina la aliyeharibu bloku ya watu. Nisipokuwa na jina lingine, nitampa lako. Na hapa utakuwa umemaliza."

"Na kwangu pia," Dereva aliongeza.

"Nipeni mpaka hiyo jioni. Nani ana ufunguo wa karakana?"

"Mimi na mlinzi."

"Na kabati la bamba?"

Mwalimu alivuta kamba iliyoning'inia shingoni mwake. "Huu hautoki hapa hata nikioga. Jana nililifunga mwenyewe baada yako."

Nati alitoa simu, akaweka sauti juu ili wote wasikie. Iliita kwa muda.

"Mjomba, nimekuamsha. Bloku imeharibiwa. Jana usiku nani aliingia karakana?"

Upande wa pili mzee alikohoa kwanza.

"Yule kijana mwenzako. Spidi. Alisema amesahau simu, nikamfungulia."

"Alikaa muda gani?"

"Mimi nilikuwa zangu getini, mwanangu. Sikumfuatilia."

Wote walimgeukia Spidi, ambaye nusu saa tu iliyopita alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba jana alitoka moja kwa moja mpaka kwao.

"Nati akianguka," Dereva aliuliza polepole, "nafasi inakwenda kwa nani?"

"Kwa huyu," alisema Mwalimu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Spidi, vua koti la karakana. Jioni utamweleza mkuu."

"Mwalimu, naapa..."

"Vua!"

Nati alimfuata mpaka kwenye bomba la maji nyuma ya karakana, akamshika ukosi. Spidi alikuwa mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima, lakini aliinama kama aliyeshikwa na baba yake.

"Uliniangalia machoni ukasema hukuisoma geji!"

"Niliisoma. Niliogopa. Nikisema niliisoma, wangeuliza na mengine."

"Mengine yapi? Jana ulirudi kufanya nini?"

"Simu..."

"Simu ulikuwa nayo mkononi tukitoka, ulikuwa unacheka nayo peke yako kama chizi. Usinifanye mtoto."

Spidi alitazama chini. "Nilirudi kupiga picha. Za bloku. Kuna gereji nilitaka kuwatumia, niseme ni kazi yangu."

"Yaani unaniibia jasho langu kwa kamera?"

"Picha tu, dada."

"Usiniite dada! Zilete."

Zilikuwa picha tano. Nati alizikuza kwa vidole. Silinda ya kwanza, ya tatu na ya nne zilikuwa kama alivyoziacha, zimepakwa mafuta mepesi yaliyoenea sawasawa. Ya pili ilikuwa imelowa chepechepe, inang'aa, na kwenye ukingo wake kulikuwa na tone la kijivu lililokuwa halijadondoka.

"Hapa ulimwaga nini?"

"Sijagusa kitu! Niliikuta hivyo. Nikadhani ni wewe uliiosha mwisho. Hata mlango wenyewe niligonga mpaka mkono ukauma ndiyo nikafunguliwa. Ningesugua saa ngapi?"

Nati alimwachia ukosi. Alimwamini, na hilo lilimuudhi kuliko uongo. Maana adui aliyekuwa mkononi mwake alikuwa ameponyoka, na nyuma yake hakumwona mwingine.

Alirudi ndani. Dereva alikuwa ametoka kutafuta chai. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye stuli, akiitazama bloku kama mtu aliyefiwa.

"Mwalimu, naomba tutoe bamba tupime tena."

"Bila bamba? Nilikufundisha nini mimi?"

"Ulinifundisha kwamba bila bamba hizi silinda lazima ziwe yai. Nataka kuona kama zote zimekusikia."

Mwalimu alimtazama, kisha akachukua spana. Walifungua boliti kwa zamu, wakaliteremsha bamba. Nati akaingiza geji. Ya kwanza, yai. Ya tatu, yai. Ya nne, yai. Zote zilikuwa vilevile zinavyotakiwa kuwa zikiwa wazi.

Aliingiza geji kwenye ya pili. Aliizungusha mara moja, akaizungusha tena. Mshale haukutikisika.

"Duara," alinong'ona Mwalimu. "Duara kamili."

"Anayetaka kuharibu hahangaiki na duara," alisema Nati.  "Angepitisha msumari mara moja akaenda zake kulala. Huyu alisugua, akapima, akasugua, akapima. Kazi ya subira. Mwalimu, huyu hakuwa anaharibu. Alikuwa anatengeneza!"

"Anatengeneza nini, na ilikuwa nzima?"

"Hakujua ni nzima. Aliipima bila bamba, akaona yai, akasema Nati kakosea. Akanirekebisha."

Mwalimu alisimama. "Spidi analijua bamba."

"Spidi tulilifunga naye. Wewe unalijua, na ufunguo wake uko shingoni mwako, ungelitumia. Tunayemtafuta ana ufunguo wa karakana lakini hana bamba. Anajua kusugua silinda kwa drili na kuipima, kwa hiyo ni fundi. Lakini hajawahi kushika injini ya mashindano. Na hanitakii mabaya. Ananitakia..."

 Alipitisha kidole ndani ya silinda ya pili, kwenye ukingo wa chini ambako kitambaa hakifiki, akakinusa. Mashine ya chuo ilikuwa na mafuta yake, mazito, yenye harufu ya karanga zilizoungua. Haya yalikuwa mafuta ya taa.

"Geti," alisema.

"Geti limefanya nini?"

"Linalia."

Saa kumi jioni walikuwa wamekusanyika tena: Mwalimu, Dereva, na Spidi aliyekaa mbali kama mbuzi mwenye upele. Mjomba aliingia akiwa amemshika mkono mjukuu wake, bado akiwa na sare ya shule, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumwachia. Mzee alikuwa amevaa shati lake zuri. Nati alipoliona shati lile, hasira ilimpanda upya.

"Mwanangu, kaa pale nyuma ya mstari wa njano," alimwambia binti yake. "Usiguse kitu." Kisha akamgeukia mjomba wake. "Shikamoo."

"Marahaba. Wameshampata?"

"Mjomba, bawaba za geti ulizilainisha lini?"

"Si jana usiku. Nilikwambia."

"Mbona zinalia?"

Mzee alitabasamu kidogo. "Kutu ya zamani hiyo. Inataka siku."

"Ulisema ulikuwa getini kijana alipokuja. Kutoka getini mpaka mlango huu ni hatua chache. Kwa nini aligonga mpaka mkono ukamuuma?"

Mjomba alishika kola ya shati lake, akainyoosha.

"Yale mawe yako ya kusugulia, ya enzi za malori, yako wapi?"

"Nati..."

"Yako kwenye kisanduku chini ya kitanda chako. Nimepita nyumbani mchana, ulikuwa umekwenda kumchukua mtoto shuleni." Alifungua mfuko, akayaweka mezani. Mawe manne, na kwenye nyufa zake uji wa kijivu uliokuwa bado haujakauka vizuri. "Sema mwenyewe. Nisikusemee."

 Mzee aliyatazama yale mawe, halafu mikono yake, iliyosuguliwa ikawa myeupe kwenye kucha.

"Nilikuja kuiangalia tu," alisema. "Nilikuwa na fahari. Nikasema ngoja niione kazi ya mtoto wangu kabla wengine hawajaiona. Nikaingiza geji yangu. Yai. Nikapima nyingine, yai. Zote nne! Moyo ulinikatika. Nikasema kesho watamcheka, watasema walisema. Maisha yangu yote silinda ikiwa yai ni mbovu, mimi bamba nitalijulia wapi? Nikachukua drili."

"Kwa nini ya pili tu?" aliuliza Mwalimu.

"Ndiyo ilikuwa mbaya kuliko wenzake. Nilitaka nihamie ya tatu, kijana akagonga. Nikazima taa, nikaficha vitu. Alipoondoka nikaogopa kuendelea."

"Kwa hiyo," Spidi alisema kutoka kule mbali, "mimi ndiye niliyeiokoa hii bloku?"

"Wewe funga mdomo!" Nati na Mwalimu walisema kwa pamoja.

"Kwa nini hukunipigia simu?" Nati aliuliza. "Neno moja tu: mwanangu, naona yai. Ningekujibu nikiwa kitandani!"

"Niliona utakasirika."

"Na sasa nimefanyaje, nacheka?" Alipiga hatua mbele. "Silinda ni chuma, Mjomba, chuma kinatengenezeka. Lakini asubuhi nilikupigia mbele ya watu hawa. Nilikuwa nimesimama hapa naitwa mwongo. Ungesema 'ni mimi', yangekwisha. Badala yake ukamtoa mtoto wa watu kafara. Mjinga, mwizi wa picha, lakini hili hakulifanya, na ulijua hakulifanya!"

"Niliona aibu."

"Aibu yako ukanivisha mimi! Tangu niko mdogo unaniambia wewe ni fundi, wewe ni fundi. Nikakuamini. Kumbe ulikuwa unanibembeleza kama mtoto aliyeanguka. Fundi gani anarekebishwa kazi yake usiku bila kuulizwa? Hawa walionidharau angalau walinidharau mchana!"

 Machozi yalimlengalenga mzee, lakini Nati hakumwendea. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwendea.

Mwalimu alinyoosha mkono. "Ufunguo wa karakana, mzee. Mengine utayasikia kwa mkuu." Mjomba akautoa. "Spidi, chukua koti lako. Na hizo picha zifute nikiona."

Dereva aligonga bloku kwa kidole. "Haya yenu ya nyumbani mtayamaliza nyumbani. Mimi nina bloku. Inapona au haiponi?"

"Inapona," alisema Mwalimu. "Silinda ya pili ipanuliwe, ivishwe bomba jembamba la chuma ndani, kisha hilo bomba lichongwe na kusuguliwa, bamba likiwa juu. Lakini ukuta umebaki kidogo sana. Mkono ukiteleza, kisu kinatokea upande wa pili, na hapo hata mnunuzi wa vyuma chakavu hataitaka."

"Nani anaweza?"

Mwalimu alifikiri. "Mimi naweza."

"Mimi naweza," alisema Nati.

Walitazamana. Mwalimu akasogea pembeni.

Dereva alivuta stuli, akaketi. "Basi anza, nikuone. Ikipita, nafasi ni yako kama tulivyokubaliana. Ukitoboa, tusijuane."

Nati alivaa aproni, akafunga nywele.   Yeye na Spidi waliipandisha bloku kwenye mashine kwa winchi. Nati aliikaza, akateremsha kisu mpaka mdomoni mwa silinda ya pili bila kuwasha, akaanza kutafuta katikati. Alisogeza meza ya mashine, akapima. Akasogeza tena, akapima. 

Mjomba alikuwa amesimama ukutani. Shingo yake ilirefuka kidogo. Akapiga hatua moja, halafu nyingine. Macho yake yalikuwa kwenye kisu, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Kushoto," alisema chini kwa chini. "Sogeza kushoto kidogo tu, hapo..." Na mkono wake, ule uliosuguliwa mpaka kucha zikawa nyeupe, ulikuwa umeshanyooka kuelekea kwenye usukani wa mashine.

 Kabla Nati hajageuka, mtoto alivuka mstari wa njano, akalishika shati zuri la mzee kwa nyuma, akavuta.

"Babu, mwache mama afanye mwenyewe."